Mtoko wa Ngalawa Bagamoyo

Hivi mara ya mwisho wewe na familia yako mmekaa pamoja saa nne nzima, bila televisheni wala simu, ilikuwa lini? Usione haya. Mimi mwenyewe jibu sikuwa nalo, mpaka Jumamosi moja ya mwishoni mwa Oktoba tulipoamka alfajiri na kuelekea Bagamoyo, kilomita kama 70 kaskazini mwa Dar es Salaam.

Wengi tunaijua Bagamoyo ya darasani: magofu ya Kaole, misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1868, makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar mwaka 1891. Siku hiyo vyote tulivipita. Sisi tulifuata bahari.

Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka sita, na kijana wa mume wangu wa miaka 12. Huyu alihamia kwetu Januari, baada ya bibi yake aliyemlea kufariki. Ni mtoto mwenye adabu, anaamkia, anaosha vyombo bila kutumwa. Ila kwa miezi kumi hakuwahi kuniita jina lolote. Si mama, si anti. Akitaka kitu, anasogea na kusimama pembeni mpaka nimwone. Nilishamnunulia viatu, nikampikia anachopenda, nikamuuliza maswali mia. Wapi! Nilijiambia atazoea, lakini jamani, ilikuwa inaniuma.

Ufukweni, karibu na soko la samaki, mzee nahodha alitupokea akicheka. "Mmebahatika, maji mafu haya." Yaani mwezi ulikuwa nusu, kwa hiyo maji hayajai wala hayatoki kwa fujo kama wakati wa bamvua, na mkondo si mkali. Kusi nayo ilikuwa imeshapungua nguvu, kaskazi bado haijaingia. Kwa mgeni wa bahari, huo ndio wakati wenyewe.

Ngalawa usiidharau. Ni gogo lililochongwa, jembamba kiasi kwamba mnakaa mmoja nyuma ya mwingine, na mbao zake mbili za pembeni ndizo zinazoizuia isipinduke. Mzee akatweka tanga, upepo ukalijaza, na kelele zote za sokoni zikabaki nyuma. Unasikia maji tu yakipita ubavuni.

Kwenye mwamba akatua tanga na kutia nanga. Kila mtu akapewa mshipi uliozungushwa kwenye kipande cha mti, chubwi, ndoano, na chambo cha ngisi. Fimbo hakuna, unavua kwa kidole. Mume wangu, aliyejisifu njia nzima, akawa wa kwanza kuvuta. Akavuta, akavuta, kumbe ndoano imenasa mwambani. "Hongera, baba, umevua nchi," mzee akasema. Tulicheka mpaka ngalawa ikayumba.

Kisha mzee akatufundisha. "Akidonoa, tulia. Msivute kwa pupa, mtamfukuza. Mwacheni ameze mwenyewe."

Nilikaa na maneno hayo, kidole kwenye mshipi, nikiutazama mgongo wa yule kijana mbele yangu. Kwa mara ya kwanza tangu Januari sikumuuliza kitu. Saa nzima ikapita hivyo, na wala haikuwa nzito.

Ghafla mshipi wangu ukakaza. Nikaanza kuvuta kama ninateka maji kisimani. Kijana akageuka, macho yamemtoka:

"Anti, legeza! Anti, utaukata!"

Nikalegeza. Akaushika mshipi mbele yangu, tukavuta pamoja, taratibu, mpaka changu mmoja mwekundu akaibuka akirukaruka. Wala hakuwa mkubwa. Mume wangu alikuwa anaangalia upeo wa bahari kama hajasikia kitu. Alisikia.

Tulirudi adhuhuri, upepo umeamka, tukifua maji kwa kidumu kilichokatwa. Samaki wetu saba walikaangwa palepale ufukweni, tukala na muhogo, ndimu na pilipili.

Mpenzi msomaji, kama na wewe unataka kujaribu: patana bei kabla ya kupanda, dai jaketi za kujiokolea kwa kila mtu, hasa watoto, na beba kofia na maji ya kunywa. Muulize nahodha habari za mwezi na upepo, na akisema leo haifai, mwamini. Ndani ya ngalawa usisimamesimame.

Na zaidi ya yote, usiende na ratiba.

Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni nikisikia nyayo nyuma yangu. Nikangoja, sikugeuka.

"Anti, naomba nauli."

Sijawahi kutoa nauli kwa furaha namna ile.