Nazi za Hajati

Binti mmoja mwalimu, ambaye wazazi wake ni wa Mombasa na yeye amelelewa Dubai, na ambaye Januari iliyopita aliajiriwa na mojawapo ya shule za kimataifa za hapa Kampala, alikuja kwangu Nakasero kunijulia hali, na alipopita jikoni akaiona mbuzi yangu ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani, akaniuliza kwa adabu njema, "Shangazi, hiki kistuli ni cha mtoto gani?" Nilimjibu kuwa ile ni mbuzi. Alinitazama, akaitazama, akacheka kidogo akidhani namfanyia mzaha; nami usiku ule sikupata usingizi mapema.

Mbuzi ile nilikuja nayo kwa basi kutoka Mombasa, imefungwa ndani ya kanga mbili, na tulipofika Malaba afisa wa forodha aliugusa ule ulimi wake wa chuma wenye meno, akaugeuza juani, akataka nimweleze kinaganaga ni zana ya kazi gani. Na kwa kuwa sikuwa na nazi ya kumwonyesha, niliikalia palepale sarujini nikakuna hewa mpaka aliporidhika. Daima nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ilikuwa 1995, hata juzi nilipofunua pasipoti yangu ya zamani nikakuta muhuri wa Januari 1996. Basi na iwe huo.

Shule za kimataifa katika mji huu zilikuwa chache wakati ule. Kongwe yao ni ile iliyoanzishwa 1967 kwa jina la Lincoln, ambayo leo huitwa International School of Uganda, na ya Kabira kule Bukoto ilikuwa changa, ya 1993. Iliyoniajiri mimi siitaji. Wenzangu waliotoka Uingereza na Marekani walilakiwa Entebbe, wakakabidhiwa funguo za nyumba zenye vitanda vilivyokwisha kutandikwa. Mimi, kwa kuwa nilikuja kwa barabara na rangi yangu haikunitenga na wenyeji, niliandikiwa mkataba wa mwenyeji, usio na nyumba wala nauli ya likizo, ilhali serikali ilinihesabu mgeni na kunidai kibali cha kazi kama ilivyomdai mgeni mwingine yeyote. Jambo lile liliniuma, na bado linaniuma nikilikumbuka. Darasani nilikuwa na watoto kumi na wanne wenye pasipoti za nchi tisa, wakiniita kwa jina langu bila ya "mwalimu" wala "bibi", na ilinichukua muhula mzima kuzoea kuwa hawakukusudia kunivunjia heshima.

Maskani nilijitafutia mwenyewe: vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba kubwa ya zama za Waingereza, kwenye mteremko wa Nakasero, chini ya mti waliokaa kongoti, ndege wale wakubwa wenye upara ambao Waganda huwaita kalooli. Juma la kwanza nilisema na mlinzi kwa Kiswahili, lugha niliyoletwa kuifundisha, na mama wa nyumba ya pili akafunga dirisha lake. Baadaye tulipopatana alinieleza kwamba sauti ya Kiswahili usiku, nje ya mlango, ilimrudisha katika miaka ya askari wa utawala wa kijeshi, ambayo sina haja ya kuisimulia. Nami Jumamosi nilikuwa nikipanda Makerere kwa miguu kupitia Wandegeya kutafuta vitabu, nikikumbuka kwamba juu ya kilima kile kile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake tangu 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya sitini; na ilinihuzunisha mno kuona lugha iliyopata kutunzwa na wanazuoni mahali hapo ikifungiwa dirisha mahali hapa, mwendo wa nusu saa tu.

Aliyenifungulia ni Hajati.

Soko la Nakasero, lile jengo la zamani la 1927 lililo chini ya kilima, lina harufu ambayo ningeitambua hata kama ningepelekwa pale nimefungwa macho: mvua ya alfajiri juu ya majani ya mgomba, tangawizi mbichi iliyovunjwa, mananasi yaliyoanza kuchacha upande mmoja, dagaa wa ziwani ambao pale huitwa mukene, na mwezi wa Novemba mafuta ya senene yakikaangwa. Siku ya kwanza niliifuata harufu nyingine kabisa, nyembamba, ya makumbi makavu, nikapenya kati ya matoke na mihogo mpaka nikafika kwenye meza ya mwanamke mzee aliyejitanda shali nyeupe, na mbele yake zimepangwa nazi zipatazo ishirini.

Nilisimama. Naona haya kuandika kwamba machozi yalinitoka kwa ajili ya nazi, lakini yalinitoka.

Alikuwa Mnubi wa Bombo, binti wa askari wa King's African Rifles, na Kiswahili chake alikiokota utotoni katika kambi ya jeshi, Kiswahili kifupi, kisicho na ngeli nyingi, lakini chenye upole ambao sikuwahi kuudhania katika lugha ya kambini. Aliinua nazi, akaiweka sikioni, akaitikisa mara mbili, akafumba macho kama anayesikiliza habari za mgonjwa. Ikilia maji mengi, aliiweka upande wangu. Ikigota kavu, alisema, "Mbata hii," akaitenga kwa wenye kukamua mafuta. Ikinyamaza, aliinusa kwenye macho yake matatu, na mara nyingi uchachu ulikuwa tayari umeanza pale. "Nazi inasema, maalimu," aliniambia. "Wewe sikia tu." Nazi zenyewe zilitoka kwetu pwani kwa lori, siku tatu au nne njiani, na yeye hakupata kuiona bahari mpaka alipokwenda Makka.

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala aliniwekea mbili chini ya meza. Yeye ndiye aliyeniambia ni fundi gani wa bomba asiye mlaghai, ni vipi nimwitikie msichana wa Kiganda anayenipigia magoti kunisalimu, kwani miezi ya mwanzo nilikuwa nikimwinua mkono kwa hofu, naye akaniambia kwamba kumwinua ni kumkataa. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwambia kila mtu "Jebale ko" kabla ya kuuliza bei. Shule ilinipa ratiba na funguo za darasa. Mji nilipewa na Hajati.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Simu za mkononi zilikuja, maduka makubwa ya kigeni yakaja na mengine yakaondoka, na 2005 Kiswahili kikaandikwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Hajati alifariki, akazikwa Bombo, na mjukuu wake akaishika meza. Mwaka 2020, wachuuzi walipoamriwa walale sokoni, nilimpelekea mjukuu huyo wali wa nazi kwa miguu, nikamkuta ametundika chandarua juu ya viazi. Siku hizi anauza matofaha ya Afrika Kusini, na nazi anaweka sita, saba. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na walimu wa kukifundisha hawatoshi.

Naye binti yangu huyu wa Dubai, mwenye nyumba ya shule, dereva wa shule, na chakula kinacholetwa na bodaboda mpaka getini, amekaa juu ya kilima hiki miezi sita asishuke sokoni, na tui lake ni la boksi kutoka Thailand. Nakereka, tena nakereka sana, na aliyenikera zaidi ni yule aliyemwambia siku ya kwanza kwamba soko si mahali pa mwalimu wa kigeni.

Nimemwambia aje Jumamosi, saa moja asubuhi, avae viatu visivyoogopa tope, na kikapu nitamwazima mimi. Amenijibu kuwa atakuja na gari. Nimemwambia aliache, ni mteremko mtupu, dakika kumi, na kurudi tutabeba nazi mbili mbili.