Kangemi kwa Magurudumu Manne

Ubao wa magurudumu niliununua Kongowea, kwenye mitumba, ukiwa umefunikwa na rundo la viatu vya watoto. Ulikaa nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, muda mrefu bila kazi, kwa kuwa hapakuwa na pa kuupandia. Njia ya mbele ya nyumba ni mchanga. Ile inayofuata ni kabro zilizoinuka huku na kubonyea kule. Barabara ya lami nayo ina wenyewe, na hao hawana subira na mwalimu wa jiografia aliyepita miaka arubaini anayeyumba juu ya kipande cha mbao. Mama yangu alisema lake: "Mwanangu, samaki mkunje angali mbichi." Nikamjibu kwamba nakwenda Nairobi kutafuta sakafu.

Uwanja niliousikia uko Kangemi, magharibi mwa jiji, ndani ya makao ya watoto ya Shangilia Mtoto wa Afrika. Makao hayo yalianzishwa mwaka 1994 na mwigizaji Anne Wanjugu kwa ajili ya watoto wa mitaani, na sifa yake ya kwanza ilikuwa maigizo na sarakasi. Mwaka 2013 ukajengwa humo uwanja wa zege wa kuchezea mbao za magurudumu, kwa msaada wa skate-aid, shirika la Kijerumani lililoanzishwa na Titus Dittmann. Waganda walitangulia: mtaa wa Kitintale, Kampala, vijana wakiwa na Jackson Mubiru walimwaga saruji yao wenyewe mwaka 2006. Mimi nilichagua Kangemi kwa sababu kunafikika kwa treni, na kwa sababu mwalimu mwenzangu ana dada anayefahamiana na watu wa pale, akanitangulizia ombi. Uwanja ule ni wa watoto kwanza. Mtu mzima huingia kwa hisani yao.

Treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, huondoka Miritini saa mbili. Kabla ya kuingia kituoni abiria hupanga mizigo chini kwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse. Mbwa aliupita ubao wangu bila kujali. Askari ndiye aliyeuokota akaugeuzageuza.

"Mama, hii ni ya kijana wako?"

"Ni yangu mwenyewe."

Akalitazama buibui langu, akayatazama magurudumu, akanitakia safari njema.

Reli hiyo ina urefu wa takriban kilomita 472, na nauli ya daraja la kawaida nililipa shilingi 1,500. Baada ya Mariakani minazi inapungua, hewa inakauka, na kufika Voi ardhi imeshageuka nyekundu. Ndani ya Tsavo abiria wenzangu walihamia madirisha ya upande mmoja kuwaona tembo waliojimwagia vumbi hilo hadi wakafanana rangi na udongo. Mimi nilikuwa na shughuli nyingine. Kila tuliposimama, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, nilitazama sakafu za vituo: pana, laini, tupu. Mtu anayetaka kujifunza mchezo huu huanza kuiona nchi kwa namna mpya. Haulizi tena mahali pana mandhari gani. Anauliza pamesakafiwa vipi.

Syokimau nilishuka, nikapanda treni ya abiria wa mjini hadi katikati ya jiji, kisha matatu ya Waiyaki Way. Hadi Westlands barabara ya juu ya kulipia ilikuwa imetufunika, ndipo mbingu ikafunguka na kilima kikaanza. Nililala kwa binamu yangu. Asubuhi yake baridi ilinishika barabara. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na damu ya Mombasa haidanganyiki. Buibui nililiacha kwa binamu. Nilivaa suruali, shati refu la kufika magotini, viatu vyenye soli bapa, na mtandio mwembamba uliofungwa nyuma ya shingo ili helmeti ikae sawasawa.

Kijana aliyekabidhiwa kunifundisha alikuwa wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alinisalimia kwa heshima, kisha akanipa ufagio. "Karibu, anti. Tunaanza na hii."

Nilidhani ni adabu ya makao. Kumbe ni somo la kwanza. Gurudumu la ubao wa uwanjani lina kipenyo cha milimita 50 na kitu, na ni gumu. Likikutana na kijiwe halikipandi wala halikisukumi. Linasimama papo hapo, na aliye juu yake anaendelea na safari peke yake. Miaka ya mwanzo, Marekani, watu walitumia magurudumu ya chuma na ya udongo wa kuchoma, na kila punje ya changarawe ilikuwa hatari. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, Frank Nasworthy alipoanza kuuza magurudumu ya poliyurethani, plastiki inayoshika ardhi na kumeza mtikisiko. Hata hivyo kijiwe bado ni kijiwe. Watoto wa Kangemi hufagia kabla ya kupanda, na mgeni hufagia pamoja nao.

Baada ya ufagio ikaja spana. Kijana aliupindua ubao wangu, akazungusha gurudumu kwa kidole, likakwaruza na kusimama. "Anti, hii imekula chumvi." Hewa ya bahari ilikuwa imezitia kutu beringi. Kila gurudumu lina beringi mbili, kwa hiyo ubao mzima una nane, na zote ni za saizi inayoitwa 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22. Saizi hiyo hutumika hata kwenye mashine ndogo za umeme, kwa hiyo mwenye ubao halazimiki kuagiza ng'ambo. Akiingia duka la vipuri na beringi moja ya mfano anaweza kupata za kufanana nayo. Kijana alizichomoa zangu, akatia nyingine kutoka kwenye kopo la akiba, huku akinionyesha sehemu nyingine. Mbao zenyewe ni tabaka saba za mti wa maple zilizogandishwa kwa gundi na kukandamizwa. Juu yake pamebandikwa karatasi yenye chenga kama msasa, ya kuzuia kiatu kisiteleze. Chini kuna ekseli mbili zilizokaa juu ya mipira laini. Ukiegemea upande mmoja, mpira unabonyea, ekseli inapinda, ubao unakata kona. Usukani wake ni uzito wa mwili.

Kisha akanifundisha kuanguka, kwanza bila ubao, kwenye nyasi. Silika humwambia mtu anyooshe mikono aizuie ardhi, na hapo mifupa ya kifundo cha mkono ndiyo hulipa. Namna iliyo salama ni kukunja magoti ili anguko lianzie chini, kuvuta mikono kifuani na kubiringika juu ya bega. Watoto waliokulia kwenye sarakasi hulifanya hili bila kufikiri. Mimi nilibiringika mbele ya hadhira ya wadogo waliokaa ukingoni, na walipocheka nilicheka nao. Vikinga vya mikono nilivivaa tangu dakika ya kwanza, pamoja na helmeti na vikinga magoti. Mtoto ni mwepesi na haanguki kutoka mbali. Mtu mzima hubeba kilo zake zote hadi chini.

Kupanda kwenyewe kulianza kwa swali: mguu upi mbele? Kijana alinisukuma mgongoni ghafla, kidogo tu, mguu wa kulia ukatangulia kujiokoa. Basi huo ndio unaokaa mbele kwangu. Wengi hutanguliza wa kushoto, na hakuna ubaya wa huku wala kule. Mguu wa mbele hukaa juu ya nati za ekseli, vidole vikielekea uendako. Wa nyuma husukuma ardhi kwa hatua ndefu, kisha hupanda na miguu yote miwili hugeuka upande. Kosa la wanaojifunza wenyewe barabarani, alisema, ni kusukuma kwa mguu wa mbele; tabia hiyo ikikomaa kuiondoa ni kazi.

Siku zilizofuata nilivuka uwanja kwenda na kurudi hadi mapaja yakawaka moto. Kwenye sakafu tambarare mambo yalinyooka mapema kuliko nilivyotarajia. Mteremko ndio uliokuwa mwalimu. Ulikuwa mfupi, wa watoto wadogo, na kila nilipouelekea mwili wangu uliegemea nyuma kutafuta usalama. Hapo ndipo hatari ilipo. Uzito ukienda nyuma, ubao hupata wepesi mbele na kuchomoka chini ya miguu, mtu akakaa kitako juu ya zege. Usalama uko mbele: bega la mbele lielekee chini pamoja na ubao. "Anti, angalia unakoenda, usiangalie miguu!" Msichana mmoja mdogo alichoka na maelezo, akanishika mikono yote miwili, akateremka nami akirudi kinyumenyume kwa mbio. Mara iliyofuata aliniachia katikati. Nilifika chini nimesimama.

Jioni niliketi kuwatazama wakubwa wao. Walikuwa wakiruka na ubao bila kuushika kwa mkono, mbinu aliyoibuni Alan Gelfand huko Florida miaka ya 1970. Mguu wa nyuma hupiga mkia chini, pua ya ubao huinuka, na mguu wa mbele huuburuta ubao hadi ukalala sawa hewani. Sijaifikia, wala sikuiendea Kangemi.

Kuhusu umri, michezo ya Olimpiki imeshatoa jibu. Mchezo huu ulipoingia humo kwa mara ya kwanza, Tokyo mwaka 2021, dhahabu ya mtindo wa mtaani kwa wanawake ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani, mwenye miaka 13. Katika mashindano hayo hayo Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini alishindana akiwa na miaka 46, na Paris 2024 alirudi tena. Huko Paris, Zheng Haohao wa Uchina alikuwa na miaka 11, na Andy Macdonald wa Uingereza alikuwa na 51. Hao wakubwa walianza utotoni, kweli, na mimi sitafika walikofika. Lakini miili yao inathibitisha kwamba goti la mtu mzima bado linakunjika.

Nilirudi Mombasa nikiweza kusukuma, kukata kona, kusimama na kuteremka mteremko mfupi bila kushikwa mkono. Kwa anayetaka kuanza, shauri langu ni hili: nunua vikinga vya mikono kabla ya ubao. Kama utapanda kwenye lami mbovu, tafuta magurudumu makubwa na laini, yaliyoandikwa 78A au karibu na hapo. Yale magumu ya 99A yaachie zege. Na mtafute wa kukufundisha, hata akiwa mdogo wako kwa miaka thelathini.

Lakini shauri kubwa zaidi nawapa serikali za kaunti na wakuu wa shule. Nia ya kujifunza ipo, walimu wapo, na vipuri vinapatikana. Kinachokosekana ni sakafu. Kipande cha zege laini chenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa vikapu na mteremko mmoja mfupi kinatosha kuanzia, na hakihitaji taa, nyasi wala mlinzi wa lango. Tumwagieni. Kufagia tutafagia wenyewe.