Kupunguza Mwili: Kwa Nini Njaa Haisaidii



Hapa kwetu Baraka mtu akinenepa tunasema maisha yamemkubali. Akikonda, tunaulizana chini chini: ana nini? Lakini siku hizi wako pia mama na mabinti wanaotaka kupunguza mwili. Mmoja anashinda na chai tu, mwingine anatafuta vidonge sokoni. Ukiwauliza, wanajibu: "Dada, mwili yangu iko mupole, haichomi chakula."

Mimi ni mnene, na mdogo wangu ni mwembamba kama fito, ingawa tumekula bugali kwenye sahani moja tangu utoto. Kwa hiyo swali hili ni langu pia.

Hata ukilala usingizi, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi. Yote hayo yanatumia chakula. Wataalamu wanaita kazi hiyo metaboli. Sisi tuseme moto wa mwili. Na kumbe mwili mnene, hata ukikaa tu, kwa kawaida unachoma zaidi kuliko mwembamba, kwa sababu ni mkubwa!

Wengine wanasema ni umri. Mwaka 2021 wataalamu walitoa hesabu za watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Waliona kwamba moto huo, ukilinganishwa na ukubwa wa mwili, haubadiliki sana kutoka miaka 20 mpaka 60. Baada ya hapo ndipo unapungua polepole.

Utasema: basi nitafanya kazi ngumu mpaka nikonde. Ng'ambo ya ziwa letu, kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadza, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Wanaume wao walipopimwa walitembea karibu kilometa 11 kwa siku. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kwa kulinganisha ukubwa wa mwili, nguvu waliyotumia kwa siku ilikaribia ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili unajua kubana matumizi. Kutembea ni dawa ya moyo, tusikuache, lakini unene unategemea zaidi sahani.

Na njaa je? Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana 36 waliokataa kubeba silaha walijitolea kula chakula kidogo kwa miezi 6. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Moto wa miili yao ulishuka sana, wakaona baridi, wakachoka, wakawaza chakula mchana na usiku. Waliporudishiwa chakula, mafuta yalirudi mbele ya misuli. Ndiyo sababu anayejinyima leo ananenepa tena kesho.

Basi, mama, punguza polepole. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga: anza na mawese kwenye sombe, na sukari kwenye chai. Ndagala usiziache, zinalinda misuli. Vidonge vya sokoni uviache kabisa.

Lakini anayekonda bila kutaka, huyo asipongezwe. Kikohozi kinachopita wiki 2, pamoja na jasho la usiku, kinaweza kuwa kifua kikuu; kijana anayeshinda katika vumbi la mashimo ya Misisi asikichukulie kuwa kitu kidogo. Kiu na mikojo mingi inaweza kuwa ugonjwa wa sukari. Anayekula vizuri na bado anakonda, moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka, pengine tezi ya shingoni imezidisha moto.

Mtu kama huyo tusimsengenye, wala tusitafute nani amemloga. Tumshike mkono, twende naye kwenye kituo cha afya mapema. Magonjwa hayo yana matibabu.