Nguo za Watoto Waliokua

Mwezi wa Juni baridi ya Ufipa haina huruma. Upepo huvuma juu ya uwanda usio na miti mingi ya kuuzuia, na asubuhi wanafunzi wa Sumbawanga huonekana wakielekea shuleni mikono wameificha kwapani. Ilikuwa katika baridi ya namna hiyo tulipoamua, sisi mume na mke, wote wawili walimu, kulifungua sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chetu kwa miaka mingi. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, naye amerefuka hata kumpita mama yake. Nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kuzivaa nguo zile.

Tulizitandaza mkekani. Masweta matano, makoti mawili, kaptula za kaki, magauni yenye mikono ya puto, soksi zilizopotelewa na wenzake. Chini kabisa palikuwa na sweta dogo la rangi ya manjano, la mtoto wetu wa tatu, ambaye hakujaliwa kuumaliza mwaka wake wa kwanza. Mama yake alilikunja upya akaliweka kando, wala hatukulizungumza.

Tulitafuta na vitu vya kuchezea, tukapata kimoja tu: gari la waya lililopoteza magurudumu mawili. Jambo hili lilitushangaza kidogo, maana tuliwakuza watoto wanne waliocheza tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Kumbe michezo yao haikuwa ya kuwekwa sandukuni. Ng'ombe wa udongo walivunjika na mvua ikawarudisha ardhini. Mikokoteni ya mabua iliungua jikoni pamoja na kuni, na mdoli wa gunzi la mahindi, baada ya kubebwa mgongoni wiki nzima, naye akaishia motoni. Na mpira je? Ndani ya mpira wa matambara mlikuwamo nguo za ukoo mzima: kipande cha kanga ya shangazi, mguu wa suruali ya baba, fulana ya kaka aliyeoa. Kwetu nguo iliyokwisha kuvaliwa hadi mwisho ndiyo hugeuka kuwa mchezo.

Bibi yao watoto alikuwa ameketi mlangoni akiota jua. Alitutazama kwa muda, kisha akauliza:

"Wanangu, hizo mnampa nani?"

"Nyingine watoto wa jirani, Mama. Zitakazobaki tutazipeleka zigawiwe kwa wasiojiweza."

"Jirani mnamjua. Hao wengine mnawajua?"

Msomaji asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wa swali hilo. Jina lenyewe la Sumbawanga, kama lielezwavyo na wengi, maana yake ni kutupa uchawi. Mgeni aliyeingia hapa, husimuliwa, alitakiwa kwanza auache uchawi wake nje ya mji. Basi wazee wetu walikuwa waangalifu kwa kila kilichoshika jasho la mtoto. Nguo yake haikutupwa jalalani wala haikupewa mpita njia. Ilishuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, kutoka kwake hadi kwa mtoto wa mama mdogo, na ilipochakaa ilipasuliwa iwe kishikio cha sufuria au utambi wa kibatari. Tangu mwanzo hadi mwisho ilizunguka katika mikono inayojulikana.

Sisi walimu tuna haraka ya kuliita jambo hili ushirikina, tukafunga mjadala. Hofu ya uchawi hatuitetei; imewadhuru watu wasio na hatia, wengi wao vikongwe. Lakini swali la bibi lilikuwa na upande mwingine, nao ndio uliotusumbua siku ile, kwa sababu ulitukumbusha kosa letu wenyewe.

Katika miaka ya mwanzo ya ualimu wetu tulifundisha katika shule moja ya kijijini. Darasani alikuwamo mvulana aliyekuja kila asubuhi na shati moja lililotoboka mgongoni. Tulimwonea huruma, tukaleta sweta zuri la mwanetu mkubwa. Laiti tungalimpa nyumbani! Tulimwita mbele ya gwaride, tukamvika mbele ya wenzake, tukawaambia wanafunzi kwamba huo ndio mfano wa kusaidiana. Wakapiga makofi. Siku tatu baadaye tulimwona akitetemeka katika shati lake lile lile. Sweta alikuwa amelirudisha kwa mtoto wetu, limekunjwa vizuri, bila neno. Juma lililofuata hakuja shuleni kabisa. Wenzake walikuwa wamempa jina la utani, nasi ndio tuliowapa jina hilo mdomoni. Ilimlazimu baba yake kuja kutuomba radhi kwa ajili ya mwanawe, na radhi ile ilituumiza kuliko ambavyo matusi yangetuumiza. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, walisema wahenga. Na nguo ya kupewa mbele ya watu, kama tulivyojionea, huweza kumvua mtu kuliko ile iliyotoboka.

Tusidhani kwamba Ufipa ni nchi iliyongoja kuvishwa na wengine. Katika karne ya 19 Wafipa walijulikana kwa ufumaji wa nguo za pamba, na wasafiri waliopita huku katika miaka ya 1870 na 1880 waliuona ufumaji huo wakauandika. Pamba ilipaswa kulimwa, kuchambuliwa, kusokotwa uzi kwa mkono, ndipo ifumwe. Kitu kilichokula siku nyingi za mtu namna hiyo, nani angekitupa? Hata shambani mwenendo ulikuwa huo huo: nyasi hazikuchomwa, bali zilifukiwa katika vichuguu vya udongo, zikaoza humo, kisha udongo ule ukasambazwa na kupandwa ulezi. Nguo za viwandani zilizoletwa na biashara ziliua mitambo ya wafumaji, lakini tabia ya kuiheshimu nguo haikufa nayo.

Sisi wenyewe tulikulia katika uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, wakati foleni ya duka la ushirika iliweza kwisha kwa mtu kurudi na mita mbili za kitambaa au bila chochote. Halafu mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mitumba ikaanza kumiminika. Watu waliiita kafa Ulaya, wakidhani, kwa utani au kwa kweli, kwamba hapana mtu aliye hai angeitoa nguo nzima namna ile. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, waliiita salaula, yaani kuchagua kwa kupekua lundo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Azimio halikutimia, na mnadani lundo bado lipo.

Mojawapo ya makoti yale mawili lilitoka katika lundo hilo. Tuliponunua, ndani ya ukosi mlikuwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa jina la mtoto wa Kizungu, kwa uzi mwekundu. Mama fulani, mbali huko, alikuwa ameketi akalishona herufi kwa herufi ili koti la mwanawe lisipotee shuleni. Bibi alilifumua jina lile kwa sindano, akalifua koti kwa maji ya chumvi, akalianika siku mbili juani ndipo akaruhusu livaliwe. Nasi hatukuona aibu yoyote kulivaa, wala mtoto wetu. Kwa nini? Kwa sababu tulilinunua. Shilingi chache tulizotoa zilituondolea deni la shukrani kwa mtu tusiyemjua. Yule mvulana wa kijijini hatukumwachia nafasi ya kulipa chochote isipokuwa uso wake.

Tulimweleza bibi haya yote. Alisikiliza, kisha akasema mama wa nyumba ya tatu, mjane mwenye watoto watatu, aitwe aje kumsaidia kupukuchua mahindi. Tulibisha. Tulisema si haki kumfanyisha mtu kazi kwa nguo ambazo tungempa bure. "Bure ndiyo inayowasumbua," akajibu, akaendelea kuota jua. Hata leo hatujakubaliana naye kabisa, maana kuna mtu asiye na nguvu za kupukuchua, na huyo pia husikia baridi. Lakini siku ile tulinyamaza.

Mjane alikuja. Walipukuchua mchana kutwa, wakicheka mambo tusiyoyajua. Jioni, giza lilipoingia, bibi aliziweka nguo katika kikapu, akaweka juu yake unga wa ulezi, akafunika kwa ungo. Masweta mawili tuliyaacha kwa ajili ya ndugu zetu wa Laela. Wale wa Muze, bondeni kwenye joto la Rukwa, tuliwatengea kaptula na magauni, maana sweta huko ni mzigo. Sweta la manjano lilirudi sandukuni. Bibi hakuliuliza.

Baada ya siku nne kikapu kilirudishwa, kimejaa maharage.

Jumapili iliyofuata, njiani, tulikutana na mtoto wa pili wa mjane yule amevaa koti lile la mnadani, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Alitusalimia shikamoo, tukamwitikia, tukamwuliza habari za mama yake. Mwanetu aliyekuwa likizoni alilitambua koti, akafungua kinywa aseme. Bibi yake akamfinya.