Takarazuka, Mji wa Waigizaji Wanawake

Ukipanda garimoshi mjini Osaka, Japani, baada ya nusu saa hivi unafika Takarazuka, mji ulio kando ya mto Muko. Kutoka stesheni tulifuata njia yenye miti ya maua mpaka kwenye jumba la maonyesho lenye viti zaidi ya 2,500. Waliokuwa wakiingia karibu wote walikuwa wanawake: mabibi, akina mama na binti zao.

Jukwaani nako ni wanawake watupu. Hata mume, askari na mfalme huigizwa na msichana aliyekata nywele. Mambo hayo yalianza mwaka 1914. Bwana Kobayashi Ichizo, mkuu wa kampuni ya reli, alikuwa na bwawa la kuogelea lililojengwa ndani ya nyumba ili kuvuta abiria, lakini halikupata watu. Likafunikwa kwa mbao na kugeuzwa ukumbi wa maonyesho, wasichana wakaimba na kucheza humo. Alitaka burudani ambayo jamaa nzima ingeitazama pamoja bila aibu.

Wito wao ni wa maneno matatu: usafi, unyofu na uzuri. Kila mwaka wasichana wapatao 40, wenye miaka 15 hadi 18, huchaguliwa kuingia shule ya kikundi hicho. Kwa miaka miwili hujifunza kuimba, kucheza na kuigiza. Shule hiyo imesifika pia kwa kuwafundisha kufanya usafi na kuwatii waliowatangulia. Mwigizaji anayeolewa huaga jukwaa.

Sisi akina mama tunaolalamika kwamba mabinti wa siku hizi hawashiki ufagio, twaweza kuyapenda malezi hayo. Lakini Septemba 2023 mwigizaji mmoja wa miaka 25 alifariki dunia. Familia yake ilisema alilemewa na kazi na kunyanyaswa na wakubwa wake. Machi 2024 kampuni ilikiri kwamba alinyanyaswa, ikaomba radhi.

Adabu ni njema, ila mkubwa asiye na huruma huigeuza kuwa mzigo. Mtume Paulo naye aliwaonya wazazi wasiwavunje watoto wao moyo (Kolosai 3:21). Basi, mama mwenzetu, binti yako akirudi likizo kutoka bweni, usimwulize alama alizopata tu. Mwulize pia wakubwa wake wanamtendeaje, kisha umsikilize mpaka amalize.