Maji ya Pili

Nyumbani kwetu maji hayamwagwi bila ruhusa. Ukishika karai lenye maji machafu ukaelekea mlangoni, sauti ya Mama itatoka jikoni kabla hujavuka kizingiti: "Hayo ni ya ngapi?"

Ana hesabu yake. Maji ya kwanza ni yale yaliyotoka mtungini na hayajaguswa na kitu: ya kunywa, kupika, kuoga. Maji ya pili yameshaosha mchele, mboga au uso, au yamesuuza nguo, na bado yana kazi. Yatafua soksi, yatapiga deki, yatanywesha sukuma. Ya tatu ni yale mazito, na hayo huishia chooni. Choo chetu hakijawahi kuonja maji ya kwanza, isipokuwa mara moja, siku rafiki yangu wa Form Three alipokuja kunitembelea akachota ndoo nzima ya maji safi akaimwaga huko. Dadangu mdogo alimtazama kama mtu anayeona mgeni akiwashia jiko noti ya elfu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Si kwa sababu ya ndoo. Ni kwa sababu Mama alitoka nje, akamweleza polepole na kwa heshima zote ni ndoo ipi ya choo na ni ipi si ya choo. Jumatatu darasa zima lilikuwa linajua kwamba kwetu choo kinamwagiwa maji ya kufulia. Niliapa kwamba nikipata pesa zangu nitaoga kwa maji yanayotoka juu, mengi, na sitauliza yameenda wapi.

Tunakaa Kamulu, kando ya barabara ya Kangundo, kwenye ploti ambayo Mama aliilipia kidogo kidogo kupitia chama. Bwawa la Ndakaini, linalonywesha sehemu kubwa ya Nairobi, linaweza kushika lita bilioni 70, na hakuna hata moja iliyowahi kufika kwetu. Maji yetu huja na punda. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 20 mambo yakiwa shwari, 30 kiangazi kikikaza, na ni maji ya chumvi, ya kisima kirefu, yale ambayo unasugua sabuni mpaka mkono unachoka na povu halitoki. Visima vingi vya upande huu vina floraidi nyingi. Ndiyo maana ukikutana na mtu mwenye madoa ya kahawia kwenye meno hapa kwetu, humuulizi kama anapiga mswaki.

Sisi ni watatu. Tunatumia mitungi mitano kwa siku, lita 100, na Mama anaona tunaponda maisha.

Mwaka nilioacha chuo nilirudi nyumbani na begi moja na uongo mmoja: wahadhiri wamegoma. Ni uongo mzuri Kenya, hauhitaji ushahidi. Sababu za kuacha sitazieleza hapa, hazina hata msisimko. Nilikwama mwaka wa tatu, nikaacha kuingia darasani, halafu siku moja nikagundua kwamba nimeshaacha.

Usiku nilikuwa naandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Ndiyo, hiyo kazi. Mtu ameacha digrii yake halafu anakesha akisaidia wenzake wa Marekani wapate zao, na analipwa kwa kurasa. Siku moja ikaingia oda ya kurasa nane kuhusu matumizi ya pili ya maji ya nyumbani huko Arizona. Nilisoma mpaka saa tisa usiku. Kumbe kile anachofanya Mama kina jina. Kwa Kiingereza wanayaita maji ya kijivu, yale ya bafu, sinki na kufulia, kuyatenga na maji ya choo ambayo ni meusi. Kuna sheria kabisa. Arizona inaruhusu nyumba kumwagilia bustani kwa maji ya kijivu hadi galoni 400 kwa siku bila kuomba kibali cha peke yake. Nikapiga hesabu: karibu lita 1,500. Hayo ni matumizi yetu ya wiki mbili, ukihesabu ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Humo ndani nikakutana na Brad Lancaster, mwandishi wa Tucson ambaye vitabu vyake vya kuvuna mvua vinasomwa sana na watu wa mambo haya. Naye anasema mwenyewe kwamba alijifunza kwa mkulima wa Zimbabwe, Zephaniah Phiri Maseko wa Zvishavane. Phiri alifukuzwa kazi ya reli mwaka 1964 kwa sababu ya siasa, akarudi kwenye shamba kavu, akaanza kujenga vikuta vya mawe na kuchimba mitaro na mashimo ili mvua ikinyesha isikimbie, ikae kwanza ardhini. Nilimwandikia Phiri aya nzima. Mteja akairudisha: itoe, haihusiani na mada.

Niliitoa. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba. Mtu aliyeandika kurasa nane usiku mmoja anaweza kushindwa na karai za mamake?

Nikaamua kuleta mfumo. Bafu letu ni la mabati, liko nje, na maji yake yalikuwa yakitoka kwa chini na kupotelea kwenye njia. Nilinunua paipu, nikayaelekeza kwenye pipa kuukuu, ili yakusanyike mengi halafu niyafungulie mboga kwa mpigo. Mama alisimama akatazama. "Unayaweka?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, ni akiba. Akasema haya, akaingia ndani.

Siku ya tatu pipa lilinuka hadi kwa jirani. Kitu kimoja ambacho nilikuwa nimekisoma na hata kukiandika, kisha nikakipuuza, ni kwamba maji haya hayalazwi. Yana jasho, mafuta, ngozi na sabuni, na vijidudu vikipata saa 24 hivi za kujilia hivyo vitu, hewa inaisha ndani ya maji na uvundo unaanza. Huu ndio utofauti mkubwa na maji ya mvua. Ya mvua unaweza kuyaweka miezi, mradi tanki lifunikwe giza lisiote ukijani na liwe na wavu mbu wasiingie. Ya kijivu ni kama maziwa bila friji.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Badala yake nilimwaga pipa, nikaunganisha paipu moja kwa moja hadi kwenye mistari ya sukuma, na Jumamosi nikafua kila kitu ndani ya bafu: shuka, mapazia, sare za dadangu nikazitia jiki zing'ae. Karai baada ya karai, yote kwenye paipu. Nilijiona fundi. Wikendi iliyofuata nikarudia.

Kufikia wiki ya tatu kingo za majani zilikuwa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Kisha mistari miwili ikalala chini. Udongo wetu ni ule mweusi, unaopasuka kiangazi na kukufanya mrefu kwa sentimita tano mvua ikinyesha. Sabuni nyingi za unga zina sodiamu, na sodiamu kwenye udongo kama huo huvunja chembe zake na kuufunga. Juu panakuwa kama sahani. Unamwaga maji yanasimama tu, yanakutazama. Ongeza hapo chumvi ya kisima, ongeza jiki.

Sukuma ile haikuwa pambo. Mama alikuwa akiuzia majirani, fungu shilingi 20, na hizo ndizo zilikuwa zinamlipa mwenye punda. Nilikuwa nimeua maji yetu wenyewe.

Hakunipigia kelele. Ilikuwa afadhali angepiga. Alichuma majani machache yaliyobaki, akaketi kwenye jiwe, akaniambia: "Mimi ya jiki huwa nayapeleka wapi?"

Nikafikiria. Chooni. Kila mara, chooni. Na ya sabuni ya unga, chooni. Ya sabuni ya mche, yale ya kusuuza, migomba kwanza, tena leo mgomba huu na kesho ule, sio mmoja kila siku. Ya mchele na ya kuoshea mboga ndiyo peke yake yaliyokuwa yakienda kwenye sukuma, tena chini kwenye udongo uliofunikwa nyasi kavu, kamwe si juu ya majani. Ya vyombo vyenye mafuta hayakwenda popote karibu na mmea. Miaka yote ile nilikuwa nadhani ni ubahili, kumbe ni elimu.

"Mwaitu, ulifunzwa na nani?"

"Na mto," akasema. Amekulia Mwingi, ambako mto ni mchanga miezi mingi ya mwaka. Wakiwa wasichana walikuwa wakitoka usiku na punda, wanachimba kisima cha mkono kwenye mchanga, wanangoja maji yapande kikombe kwa kikombe. Ukiwa umeyangojea hivyo, akaniambia, huwezi kuyatumia mara moja tu.

Mwezi huohuo aliniita jioni akanipa bahasha. Karo. Alikuwa amepokea zamu yake ya chama. "Mgomo ukiisha usikute huna," akasema. Niliishika. Ilikuwa nzito, noti za mia tano na mia mia, pesa ya watu wanaouza vitu vidogo. Ningeweza kuichukua. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara moja, muhula uliopita, na sijawahi kuandika sentensi hiyo mpaka leo.

Nikairudisha mezani. Nikamwambia hakuna mgomo.

Alinyamaza kiasi cha chai kupoa. Kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasimama, akachukua bahasha na daftari la chama, akaenda kulala. Asubuhi daftari lilikuwa limebaki kwenye kochi. Sijui kama aliliacha makusudi. Mwanzoni mwa kila mwaka, kwa kalamu ya bluu, alikuwa ameandika mipango. Neno la kwanza ni TANKI. Mwaka wa kwanza limekatwa, juu yake: karo. Mwaka wa pili, hivyohivyo. Wa tatu pia.

Hesabu ni rahisi sana, ndiyo ubaya wake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja mraba ya paa ni lita moja. Mabati yetu ni mita 10 kwa 6, yaani 60. Nikakisia milimita 700 kwa mwaka, kwa kuwa huku ni kukavu kuliko mjini: lita 42,000. Toa sehemu ya tano inayoruka, kukauka na kupotea, inabaki 33,600. Kwa miaka mitatu ni zaidi ya lita 100,000, au mitungi 5,000 ya punda. Niseme ukweli, tanki dogo lisingenasa hayo yote, maana mvua zetu huja kwa vishindo, Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, na likishajaa limejaa. Lakini hata robo yake. Mama alikuwa akinunua maji ya chumvi huku ya mvua yakipita juu ya kichwa chake na kushuka barabarani, ili mimi nikae kwenye darasa ambalo sikuwa nakaa.

Wiki mbili baadaye alikuja fundi na tepu, akaanza kupima ukingo wa paa. Mama hakuwa ameniambia chochote. "Shika huku," fundi akasema, nikashika. Tanki lilifika kwa mkokoteni, la lita 2,300, jeusi. Gata nililipa mimi, kwa insha mbili za uuguzi na moja ya historia ya Ufaransa. Tuliweka pia paipu ya pembeni iliyozibwa chini, ambayo hujaa kwanza na kushika yale maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, ndipo mengine yapite kwenda tankini.

Mvua ilikuja Oktoba, usiku. Tulitoka sote watatu na tochi ya simu. Dadangu aliweka sikio kwenye tanki, akacheka. Ilipopungua nilifungua ile paipu ya pembeni nimwage uchafu, na Mama alikuwa ameshafika na karai.

"Yana mavi ya ndege," nikamwambia.

"Mgomba utalalamika?"

Asubuhi alichemsha chai ya maji ya mvua. Haikuwa na ile ladha ya chumvi, na sote tukaona ina kasoro fulani, tukaongeza majani. Sabuni ilitoa povu mpaka dadangu akaogopa. Mama akafunga bomba la tanki kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye leso yake, na huko ndiko uliko mpaka leo. Sukuma nilipanda upya upande mwingine wa nyumba. Ile sehemu niliyoiua bado inakataa, ingawa nimeirundikia samadi na nyasi misimu miwili.

Kuhusu chuo hajaniuliza tena, na zile za muhula uliopita hajazitaja. Kuhusu tanki ananiuliza kila jioni limefika wapi, nami natoka nje, nalipiga kwa kidole ubavuni, kutoka juu nikishuka, mpaka pale sauti inapobadilika.