Kwa kinga mpaka Yangambi



Katika kitabu cha Kifaransa tunachotumia shuleni kwetu kuna somo moja la kusoma. Baba, mama na watoto wawili wanapanda baiskeli na kufuata mto Loire, kule Ufaransa. Wanapita mashamba ya mizabibu na kusimama katika kila mji wenye ngome ya zamani. Ni jambo la kweli, njia hiyo yao ya baiskeli ina kilomita karibu 900. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa ninaeleza somo hilo katika darasa la sita, na mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha kidole: «Madamu, mizigo yao iko wapi?» Nikamjibu kwamba hawana mizigo, wanatembea tu. Darasa zima lilicheka. Kwa mtoto wa Kisangani, mtu anayepiga kilomita mia kwa kinga bila bidoni, bila kwanga, bila abiria nyuma, huyo ana matatizo nyumbani kwake.

Swali lile lilinibakia. Basi mwezi wa 7, wakati tulipokuwa tunalalamika Jumamosi kwamba mafuta ya mawese yanapanda bei kila yanapopita mkono wa mtu, nikasema: mimi nitaenda mpaka Yangambi kuona yanakotoka. Wengine mlicheka kama darasa langu. Mama mmoja aliniuliza kama bwana wangu anajua. Anajua, na ndiye aliyekaza breki.

Kinga si kitu kigeni kwangu. Nilijifunza nikiwa na miaka 12, mwaka wa 2001, mwaka mmoja baada ya zile siku sita za Juni 2000 ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Mafuta ya gari hayakuwapo, na mji wote ulikuwa unabebwa na toleka: mgonjwa, bibi harusi, jeneza pia. Jina lenyewe ni la Kilingala, «tupite». Leo moto zimechukua barabara za Makiso na Mangobo, na toleka amebaki na wateja wachache. Lakini ukitoka nje ya mji, kinga bado ndiyo lori.

Tuliondoka watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na mvua. Njia ya Yangambi ina kama kilomita mia moja, ikifuata mto mkubwa upande wa kuume ukishuka nao. Nilivaa suruali ya mdogo wangu na kitenge juu yake, kitenge nilikifungua baada ya kilomita tatu kwa sababu kilitaka kuingia kwenye mnyororo. Kufika Lindi, ule mto unaomeza Tshopo yetu kabla haijaona mto mkubwa, tuliweka kinga zetu ndani ya mtumbwi. Mpiga kasia aliniangalia, akamwangalia mdogo wangu, akamwuliza yeye: «Mama anaumwa?» Mwanamke juu ya kinga, mbele, akishika usukani mwenyewe, lazima kuwe na sababu ya hospitali.

Na kweli hospitali ilikuwa karibu. Baada ya Lindi tulichepuka kwenda Yakusu, ufukweni. Wamisionari Wabatisti wa Uingereza walijenga pale mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka wa 1920 alifika daktari Clement Chesterman, aliyepigana na ugonjwa wa malale kijiji kwa kijiji, akiwafundisha vijana wa huku huku kazi ya uuguzi. Yakusu ndiko alikoishi pia mwalimu John Carrington, aliyeandika mwaka wa 1949 juu ya ngoma za Walokele. Nilifurahi kusimama pale kama mwalimu kwa mwalimu. Mzungu huyu alielewa jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kuandika: ngoma ya mti haigongi vishindo tu, inafuata sauti ya juu na ya chini ya maneno yenyewe. Na kwa kuwa maneno mengi yanafanana sauti, mpiga ngoma hasemi neno moja, anasema sentensi nzima ili msikilizaji asikosee. Mzee mmoja tuliyemkuta anapasua kuni aliniambia watoto wa sasa wana simu. Hakulisema kwa uchungu. Aliomba kuazima simu yangu.

Tulilala kwa jamaa, katikati ya njia. Lituma, samaki, na usingizi wa mtu aliyepigwa. Siku ya pili sina mengi ya kusema isipokuwa tope, vipepeo waliojazana kwenye madimbwi, na matako yangu. Anayetaka kujaribu apeleke mto wa kukalia. Achague Januari au Februari, mvua hupungua kidogo.

Yangambi inakaa juu, mto uko chini yake. Unaingia kwenye barabara zenye miti, na pembeni nyumba za matofali za zamani. Nyingine zina watu, nyingine zina miti ndani. Mwaka wa 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya kuchunguza kilimo, na Yangambi ikawa makao yake makubwa. Leo inaitwa INERA. Walituonyesha majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi, zaidi ya 100,000, kila moja na jina na mahali lilipochumwa. Ndani ya msitu kuna mnara wa chuma wa mita 55, uliosimamishwa mwaka wa 2020, unaopima hewa ambayo msitu unaivuta na kuitoa. Mdogo wangu alitaka kuupanda, wakamkatalia.

Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya mawese. Wamama, ninyi mnaochemsha ngazi mnajua: kuna ngazi ambayo ukiitwanga unapata kokwa kubwa ngumu na mafuta kidogo, na kuna ile yenye nyama nyingi na ganda jembamba. Mwaka wa 1941, hapo hapo Yangambi, wachunguzi Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba ile ya ganda jembamba ni mtoto wa wazazi wawili: mchikichi wa ganda nene na mwingine usio na ganda, ambao peke yake mara nyingi hauzai. Toka hapo watu walijua namna ya kuuzalisha kwa makusudi. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yanapanda huo wa ganda jembamba. Nilipotoka nje baada ya kuelezwa hayo, barabarani walikuwa wanapita vijana wakisukuma kinga zenye bidoni za mawese, kichwa chini, kwenda Kisangani. Sikujua kama nicheke.

Siku ya kurudi, mpira wangu wa nyuma ulitoboka. Pompi tulikuwa tumeisahau kwa jamaa. Tulikaa kando ya njia mpaka kijana mmoja aliposimama, akaegemeza kinga yake kwa fimbo. Bidoni tano za lita 20, mbili kila upande na moja juu. Hakuna mahali pa kukaa juu ya kinga ya namna ile. Unaisukuma kwa miguu mpaka Kisangani. Alitoa pompi na gundi, akainama, kisha akainua macho: «Madamu?»

Alikuwa yeye. Mtoto wa swali la mizigo. Ana miaka 15 sasa, na mabega ya mtu wa 30.

Tulitembea pamoja mpaka jioni. Kwenye mteremko alikuwa anazuia, kwenye kilima mimi na mdogo wangu tulisukuma kwa nyuma, na nikajua uzito wa kile ninachomimina kwenye sufuria. Alikuwa amefaulu mtihani wa taifa wa darasa la sita. Nakumbuka, nilimpa mkono mbele ya wengine. Masomo ya msingi ni bure toka 2019, lakini bure hiyo inakoma darasa la sita, na la saba linalipwa. Nyumbani kwao kulikuwa na wadogo wanne. Nami, baada ya kumpa mkono ule, sikuuliza anakwenda wapi. Kila mwaka nawapa mkono watoto 50 na zaidi, na siulizi.

Nilipotaka kumlipa kazi ya mpira alikataa. Alisema jambo moja tu kuhusu shule: «Madamu, wale wa kitabuni, walifika?» Nikagundua kwamba somo linaishia njiani. Sijui.

Bidoni zake tano ndizo tulizogawana Jumamosi ile, kwa bei iliyo chini ya soko na juu ya ile anayopewa na wachuuzi. Mama yake alikuja kuzipokea pesa, na wote mlimsikia. Hakulia, alihesabu. Safari moja ya kijana ni chakula cha nyumba kwa siku kadhaa, kijana akikaa darasani ni nani ataisukuma? Ni hesabu sahihi, na mimi na diploma yangu sikuwa na jibu la kuiweka chini yake. Mwenyekiti ndiye aliyesema tuanze na awamu ya kwanza ya ada kutoka likelemba, na kwamba likizo zote mafuta ya kikundi yatatoka kwake. Awamu ya pili inaanguka Januari, bado hatujaipata.

Amekubali kujaribu. Kesho anapita nyumbani kuchukua kitabu cha Kifaransa, na mdogo wangu anataka kumrudishia pompi, kwa maana tuliondoka nayo.